Dada wa kazi anataka kuja na mtoto wake anayenyonya: nimchukue?

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Moshono, Arusha. Nina mtoto wa kiume wa wiki tisa, ndiye wa kwanza. Likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki tatu, halafu narudi ofisini mjini, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwa daladala itabidi nitoke nyumbani saa moja na kurudi saa kumi na moja. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya anakaa porini siku nane au kumi mfululizo, kwa hiyo mtoto ni wangu mimi na dada wa kazi nitakayempata.

Nimetafuta mpaka nimechoka. Wawili wa kwanza kuletwa walikuwa watoto wenyewe. Mmoja nilipombana akakiri ana miaka kumi na tano. Sasa jirani ameniletea habari za binti wa miaka 23 anayetokea Babati. Alimlelea jirani huyo watoto wake kwa miaka miwili, na anamsifu kwa usafi na upole. Ila ana mtoto wa kike wa miezi saba, bado ananyonya, na hana wa kumwachia. Amesema wazi: nikimtaka, nimpokee na mwanawe.

Mimi nimempenda, lakini maneno yamekuwa mengi. Mama mkwe wangu yuko Machame, anasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakilia wote wawili atamkimbilia wa kwake na wangu atabaki chini. Mume wangu hana neno na mtoto, ila anataka mshahara ushuke. Tulikuwa tumepanga 120,000 kwa mwezi, yeye sasa anasema 70,000 kwa kuwa tutalisha watu wawili. Rafiki yangu mmoja anasema hiyo ni bahati, maziwa yangu yakipungua yule dada atamnyonyesha na wa kwangu. Mwingine anasema kabla ya yote nimpeleke akapime Ukimwi.

Nyumba tumepanga: vyumba viwili, sebule na jiko. Chumba cha pili ndicho cha dada. Maji ni ya mgao, tunahifadhi kwenye ndoo na madiaba. Kazi nilizokuwa nimepanga kumpa dada ni kulea, kupika, kufua na usafi wa nyumba.

Nimchukue? Nikimchukua naanzia wapi? Na mtoto wake akiugua, nani anabaki na wangu?

Mama wa Moshono


Marahaba mwanangu.

Mchukue, ila si kwa mpango huo ulionao. Umepanga kulea, kupika, kufua na kusafisha, na humo ndani kuna watoto wawili wanaonyonya. Hapo ndipo mambo yatakapoharibikia, wala si kwenye moyo wa yule binti.

Mama mkwe wako ana hoja. Watoto wawili wakilia kwa mpigo, mama huinukia wa kwake kabla hata hajafikiri. Maziwa yenyewe huanza kumtoka kwa kusikia tu ile sauti. Lakini jiulize huwa wanalia kwa mpigo wakati gani. Ni pale dada yuko nje anasuuza nguo, au anasonga ugali, wote wawili wameamka na hakuna aliyewaona wakianza kuhangaika. Mtoto mchanga hatangulizi kilio. Hutanguliza kugeuza kichwa akitafuta, kunyonya ngumi, kujinyonganyonga. Mlezi asiye na sufuria motoni wala beseni la nguo huiona dalili hiyo, akamwahi mmoja wakati wa pili bado yuko salama. Kwa hiyo mpunguzie kazi za mikono, na ile hofu ya upendeleo itapungua kwa sehemu kubwa.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi, nami naliona ndilo kubwa zaidi. Dada aliyekuja na mtoto anaishi na hofu ya kufukuzwa kwa ajili ya huyo mtoto. Matokeo yake humficha. Anamlaza chumbani kutwa nzima, anachelewesha kumnyonyesha ili wako aonekane ndiye wa kwanza, akimsikia analia anajifanya hasikii mpaka uondoke. Matiti yanamjaa na kumuuma, mtoto wake anadhoofu, naye moyo unachoka. Wiki ya sita au ya saba anaaga ghafla, nawe unabaki unajiuliza alikosa nini. Siku ya kwanza kabisa mwambie kwa maneno yako mwenyewe: mtoto wako hakai chumba cha nyuma, anakaa hapa sebuleni na mwenzake, na ukitaka kumnyonyesha mbele yangu mnyonyeshe.

Sasa kazi. Kuanzia unapotoka hadi unaporudi, kazi yake iwe watoto na vitu vyao: kuwalisha, kuwaogesha, vikombe vyao, nepi na nguo zao, na kufagia pale wanapolala na kuchezea. Basi. Nguo za wakubwa na mashuka mtafutie mama wa kufua wa Jumamosi. Chakula cha jioni kipikwe ukisharudi, mmoja wenu apike na mwingine ashike watoto. Mchana hakuna mtu mzima mwingine nyumbani, kwa hiyo chakula chake na uji wa mwanawe viandaliwe asubuhi kabla hujatoka, viwekwe kwenye chupa ya chai na hotipoti. Kuteka maji na kujaza madiaba kufanywe jioni. Ukiona hili ni gharama, linganisha na gharama ya kutafuta dada mwingine kila baada ya miezi miwili.

Saa za kazi zinahitaji hesabu, maana hapa wengi hudhulumu bila kukusudia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukitoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, ni saa 10. Ile saa moja ya mapumziko huwezi kuitoa kwenye hesabu, kwa sababu mwenye watoto wawili hawezi kuwaacha akapumzike, na kazi isiyoachika wakati wa mapumziko sheria inataka ilipiwe. Kwa wiki ni saa 50, yaani 5 za ziada. Kwa mshahara wa 120,000, gawa kwa 45, zidisha kwa 5, zidisha kwa moja na nusu: ni 20,000 zaidi kila mwezi.

Lakini ipo njia nzuri zaidi, na ni haki yako. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kutoka mjini kwenda Moshono na kurudi mchana utazimaliza zote kwenye daladala. Mwandikie mwajiri wako barua kabla likizo haijaisha, omba saa hizo mbili uzichukue kwa pamoja mwisho wa siku, utoke saa nane badala ya saa kumi. Ukikubaliwa, unafika nyumbani saa tisa. Siku ya dada inakuwa saa 8, wiki saa 40, hakuna saa za ziada, na maziwa ya kukamua yanapungua. Haki hiyohiyo ya kunyonyesha anayo na yeye, kwa kuwa ni mfanyakazi wako. Kwa kumpokea na mwanawe umeshaitimiza.

Mume wako umwambie hivi. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 60,000 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala hapo. Hiyo ilikuwa sakafu ya amri hiyo. Chini ya sakafu hakuendeki, na amri mpya inapokuja huipandisha. Pita ofisi ya kazi ya mkoa uone inayotumika mwezi utakaoanza. Ile 70,000 yake inaikaribia mno hata sakafu hiyo ya 2023, kwa kazi ya kushika watoto wawili wadogo. Na mtoto wa miezi saba anakula nini? Ananyonya kwa mama yake, na juu yake uji na chakula laini mara mbili hadi tatu kwa siku: kiazi cha kuponda, parachichi, ndizi, uji wa unga wa lishe wenye kijiko cha karanga zilizosagwa. Hakigharimu 50,000 kwa mwezi. Bakini na 120,000, chakula cha mtoto kitoke jikoni kwenu, sabuni ya nepi iwe yenu, pampasi akitaka anunue mwenyewe. Hilo la pampasi semeni mapema na liandikwe, maana ndilo linaloleta manung'uniko. Msikate chochote kwenye mshahara kwa jina la chakula au kitanda cha mtoto bila yeye kukubali kwa maandishi.

Kuhusu kunyonyeshewa mtoto, nakataa moja kwa moja. Maziwa ya mama yanaweza kupitisha virusi vya Ukimwi, na majibu mazuri ya mwezi uliopita hayasemi kitu kuhusu mwezi huu. Kila mtoto anyonye kwa mama yake. Na wewe vilevile, hata wa kwake akilia vipi Jumapili, usimpe titi. Lakini kumpeleka binti kupima kama sharti la kazi, usifanye. Sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na sheria ya ajira inakataza kumbagua kwa hali yake. Kubebwa, kuogeshwa na kupakatwa hakuambukizi. Ukishaweka kanuni ya maziwa, hilo la kupima halina kazi tena.

Yako basi uyakamue. Mtoto wa umri wa wako hutumia wastani wa mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Ukiwa nje saa 8 acha mililita 240 na akiba ya 60. Ukiwa nje saa 10 acha 300 na akiba hiyohiyo. Gawanya katika vyombo vidogo vya 60 hadi 90, usiweke yote katika chombo kimoja, kwa sababu yaliyobaki baada ya mtoto kuanza kunywa humwagwa ndani ya saa mbili. Anza kukamua leo, mara moja kwa siku baada ya kunyonyesha asubuhi, ili uwe na akiba na mkono uzoee. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje ya friji kukiwa na hali ya hewa ya kawaida, siku 4 ndani ya friji, na yaliyogandishwa yakiyeyuka yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Kupasha ni kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Kuyachemsha jikoni kunayaharibu. Mpe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa amekalishwa wima, akilamba mwenyewe bila kumiminiwa. Chupa ya chuchu ina kona nyingi zinazobaki na maziwa, na kwa nyumba ya mgao wa maji usafi wake ni mzigo. Mfundishe mwanao kikombe wiki mbili kabla, maana watoto wengine hugoma siku tatu za mwanzo. Vikombe viwe vya rangi mbili, cha wako na cha mwenziwe, visichanganywe.

Hapa kuna hatari ambayo ni ya hali yenu hasa. Mmoja ana miezi saba anakula uji, mwingine ana miezi mitatu na anautolea macho. Kijiko kimoja cha "kuonja" kitapita bila hata nia mbaya. Mwambie dada kwa jina la kila kitu: wangu hapewi uji, hapewi maji, hapewi maji ya kutuliza tumbo, hapewi asali, maziwa tu mpaka atimize miezi sita. Na ikitokea siku ukahitaji maziwa ya kopo, kumbuka maji ya ukanda huu wa Meru. Maeneo mengi yana floraidi nyingi, ndiyo inayoacha meno ya kahawia mnayoyaona mitaani, na kuchemsha hakuiondoi, kwanza huiongeza kwa kuwa maji yanapungua na madini yanabaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tumia maji ya chupa yaliyoandikwa kiwango cha floraidi, yachemshe, ndipo uchanganye. Kwa sababu hiyohiyo uji na maharage ya yule wa miezi saba visitiwe magadi.

Kabla hajahamia, aje siku moja na mtoto, akiwa na kitambulisho cha NIDA au namba yake, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka, na kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hiyo isome mwenyewe. Kwa miezi saba awe amemaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na awe ameshapata matone ya vitamini A ya miezi sita. Ya surua na rubela inamsubiri miezi tisa. Kama kuna pengo, nenda naye zahanati ya karibu akamaliziwe na ahamishie kliniki hapo. Na wako usimsahau: ya wiki ya 10 ni wiki ijayo, na ya wiki ya 14 itaangukia wiki mbili baada ya kurudi kazini, kwa hiyo omba ruhusa mapema. Muulize, na ujiulize na wewe, kama kuna mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kutoka jasho usiku au kukonda. Kipimo cha kifua kikuu hospitali za serikali ni bure. Angalia ngozi ya watoto wote wawili. Upele ukikutwa kwa mmoja hutibiwa nyumba nzima siku moja, la sivyo utazunguka.

Muulize na habari za baba wa mtoto. Yuko wapi, anajua mtoto anahamia Arusha, wana ugomvi? Hujamwuliza kwa umbea. Mwanamume akija getini saa sita mchana akidai mtoto wake, dada yuko peke yake na wako mikononi. Jibu likiwa zito, mkamalize jambo hilo kwa mjumbe wenu kwanza.

Nyumba nayo itengenezwe, na haraka, kwa sababu mtoto wa miezi saba leo ndiye anayetambaa mwezi ujao. Yale madiaba na ndoo ndicho kitu cha kwanza: mtoto anayetambaa huzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache, kwa kuwa kichwa ni kizito na akiinama hawezi kujirudisha. Kila chombo kiwe na mfuniko unaobana, na mlango wa bafu ufungwe. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Chini ya makochi pafagiliwe shanga, sarafu, betri za rimoti na karanga. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika, mkono unaufikia mvuke. Dada akitaka mikono yake huru, anayekaa kwenye mbeleko ni yule wa miezi saba. Wako shingo bado haijakaza, alale kwenye mkeka alipo machoni pake.

Kulala, kila mtoto kwake. Wasiwekwe kitanda kimoja hata wakiwa wamesinzia pamoja, maana mkubwa ameshaanza kujigeuza na atamlalia mdogo. Walazwe chali, neti mbili, bila mito wala mablanketi manene usoni. Na kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi ya Arusha ikiingia, jiko la mkaa lisiingie ndani kupasha chumba, usiku wala mchana. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watoto huwahi kuzidiwa kabla ya mkubwa kugundua. Vaeni masweta, funikeni madirisha kwa mapazia mazito, jiko libaki nje. Mlango wa chumba cha dada uwe na kitasa kinachofungwa kwa ndani. Ni mama, na nyumba ina mwanamume.

Swali lako la ugonjwa. Jibu lake lipatikane kabla mtoto hajaugua, na lisiwe "tutaona". Mtoto wake akiugua, yeye ndiye anayempeleka hospitali, siku hiyo inalipwa, na wako anahitaji mtu. Mtafute sasa. Mwombe mama mkwe awe huyo mtu kwa ugonjwa unaozidi siku moja, Machame si mbali, na kwa kumpa nafasi hiyo utamtuliza pia. Kwa ile asubuhi ya ghafla uwe na jirani mmoja mliyekubaliana naye, huyo aliyekuletea binti anafaa. Weka bahasha yenye nauli ya bodaboda au bajaji, namba tatu za simu zimebandikwa ukutani, na simu ya dada isikose vocha. Dalili za kuondoka mara moja bila kukusubiri, kwa mtoto yeyote kati yao: amekataa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, degedege, kupumua kwa shida mbavu zikiingia ndani. Kwa wako, kabla ya kutimiza miezi mitatu, joto la 38 peke yake linatosha. Huduma kwa walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure kisera, kwa hiyo wa kwake asicheleweshwe kwa kuogopa gharama. Kuhara kukiingia, chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kutoka zahanati, na mikono ioshwe kwa sabuni kati ya nepi ya mmoja na kikombe cha mwingine. Kwa nyumba yenye watoto wawili hapo ndipo ugonjwa unapovukia.

Wiki tatu ulizonazo zitumie hivi. Wiki ya kwanza ni ya karatasi, kliniki na kuandaa nyumba. Ya pili anahamia na mshahara unaanza kuhesabiwa: siku tatu wewe unafanya yeye anaangalia, siku tatu yeye anafanya wewe umekaa kimya. Ni vigumu kukaa kimya, lakini ukimpokonya mtoto kila akilia hutajua anavyomtuliza. Ya tatu unatoka: saa mbili, halafu nusu siku, halafu siku nzima kwa saa zilezile za kazi.

Daftari liwe mezani, lenye kurasa mbili zinazotazamana, wako kushoto, wake kulia. Saa aliyokula na kiasi, saa aliyolala, nepi mbichi, choo, joto kama limepimwa. Kama kuandika kunamchosha, apige vijiti. Wako anatakiwa apate nepi mbichi sita au zaidi kwa siku nzima ya saa 24. Ukiona mbili tu tangu asubuhi na maziwa yamebaki kwenye friji, uliza leo hiihii. Angalia pia mikunjo ya shingo na mapaja, wekundu wa nepi iliyokaa, na kisogo, kama amelazwa upande mmoja kutwa. Hizo ndizo habari za kweli za siku yake. Ukurasa wa kulia nao usome. Ukiona wake hajanyonya tangu saa tatu mpaka saa nane, umemwona anayefichwa, na hilo ulirekebishe kwa upole jioni hiyohiyo.

Wakilia pamoja, kanuni iwe moja na aijue: aliye hatarini kwanza, kisha mdogo, kisha mwenziwe. Wako ndiye mdogo kwa sasa, hivyo mama mkwe naye ataridhika. Kusaidia, amnyonyeshe wa kwake wewe ukiwa bado unajiandaa, saa kumi na mbili na nusu, na wewe umnyonyeshe wako dakika ya mwisho kabla ya kutoka. Hapo njaa zao zinapishana nusu saa asubuhi nzima.

Ningekukataza kama ungekuwa na mtoto mwingine chini ya miaka mitatu hapo ndani, maana watatu kwa mtu mmoja ni wengi hata nyumba ikiungua hawezi kutoka nao. Au kama mngekuwa na chumba kimoja. Au kama angekataa kuonyesha kadi ya kliniki.

Mkataba uandikwe nakala mbili, kila mmoja na yake: majina, kazi zilizotajwa moja moja, saa, mshahara na tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, mtoto wake ametajwa kwa jina kwamba anaishi naye, nani ananunua nini, na siku za kliniki za watoto wote kulipwa. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mkikubaliana iangukie Desemba mnapopanda Machame kwa Krismasi, hakuna atakayekwama. Mkiachana, baada ya mwezi wa kwanza taarifa ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kwa kuwa unamtoa Babati, ukimwachisha kazi nauli ya kumrudisha huko na mizigo yake ni yako.

Barua ya saa za kunyonyesha ipeleke ofisini Jumatatu, na binti umwite aje Jumanne, kadi ya kliniki mkononi.

Shangazi